Mifupa ya Yosefu

Katika mafundisho ya watoto hapa Himbi niliwapa wanafunzi wangu kazi ndogo. Niliwaambia: "Juma hili kila mmoja amwendee bibi au babu yake, ajifunze sala ya Baba Yetu kwa lugha ya kwao. Jumamosi tutasikilizana."

Jumamosi ikafika. Mmoja alisali Kinande, mwingine Kishi, mwingine Kihavu. Wasichana wawili walisali Kihunde wakachekana, maana kila mmoja alikuwa na maneno yake. Halafu nikamwita mvulana mmoja wa miaka kumi na miwili, mtoto mwenye akili sana. Akasimama, akatazama chini, akasema: "Mwalimu, kwetu hatuna lugha."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Baada ya siku mbili bibi yake akaja nyumbani kwangu jioni. Akakaa, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Mwalimu, usimwadhibu mtoto. Mimi ndiye niliyemkataza. Lugha yetu ni Kinyarwanda. Baba yangu aliletwa Masisi na Wabelgiji, mimi nikazaliwa huko. Nimeona watu wakiulizwa njiani neno moja tu, na kwa jinsi walivyolitamka wakapona au wakafa. Nataka mjukuu wangu asijue kulitamka."

Nilikosa jibu. Ndiyo sababu nimeandika habari hizi. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu anayeshika lugha na desturi za baba zake anaikataa nchi inayomlisha? Na anayezitupa, je, amekuwa mwenyeji kweli? Tutazame kwanza mambo yalivyotukia katika nchi yetu ya Kivu, kisha tujibu.

Mpaka na msafara

Kwanza ni lazima tutenge mambo mawili, maana wengi huyachanganya. Katika nchi ya Rutshuru, upande wa Bwisha, watu wasemao Kinyarwanda walikuwapo kabla ya Wazungu kuchora ramani. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wadachi na Waingereza walipatana huko Brussels juu ya mipaka ya nchi hizi za maziwa na milima ya moto. Mstari ukapita. Watu wa Bwisha hawakufunga mizigo wala hawakuvuka mto. Mpaka ndio uliowapita wakiwa mashambani mwao.

Habari ya Masisi ni nyingine. Huko watu waliletwa. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Wabelgiji walitawala Kongo na Ruanda-Urundi pia. Rwanda ilikuwa na watu wengi katika milima yake, tena njaa ilikuwa imewapiga vikali mwaka 1928 na 1929, njaa ile waliyoiita Rwakayihura. Upande wa Kivu walowezi wa Kizungu walikuwa wamepewa ardhi kubwa kwa mkono wa Comité National du Kivu, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1928, nao walitafuta vibarua wa mashamba ya kahawa, chai na pareto. Basi serikali ikaona kama imepata dawa moja ya magonjwa mawili: kupunguza watu huku na kupata mikono kule.

Mwaka 1937 ikaanzishwa kazi ya kuhamisha Wanyarwanda, iliyoitwa kwa Kifaransa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Jamaa nyingi, Wahutu na Watutsi, zilipelekwa Gishari, katika milima ya Masisi, nchi ya Wahunde. Kazi hiyo iliendelea mpaka vita vya pili vya dunia vilipokwisha. Katikati yake ikaingia njaa nyingine ya kutisha huko Rwanda, Ruzagayura, mwaka 1943 na 1944, na wengine wakavuka wenyewe bila kuandikishwa na mtu. Tangu mwaka 1949 hadi 1955 uhamisho ulianzishwa tena kwa nguvu zaidi. Waandishi wa historia wanahesabu kwamba wote walioletwa kwa njia ya serikali, tangu 1937 hadi 1955, walikuwa kama 85,000.

Wahenga husema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika milima ya Masisi mgeni alipewa jembe siku ile ile ya kwanza, na aliyempa hakuwa mwenyeji wake.

Moyo wa mgeni

Vitabu vingi hueleza hesabu ya watu na ukubwa wa ardhi. Havielezi kilichokuwa moyoni mwao. Bibi yule alinisimulia kidogo. Alisema baba yake alikuta baridi asiyoijua na msitu mzito wa kufyeka. Alijenga nyumba yenye mlango ukielekea mashariki, na jioni alikaa hapo. Watoto walipomwuliza anatazama nini, alijibu: "Ninatazama kama mvua inakuja." Lakini mvua, alisema bibi, haikuwa inakuja kutoka upande ule.

Watoto wake wakawa watu wa namna nyingine. Walicheza na watoto wa Kihunde, wakajua majina ya miti na mito kwa Kihunde, wakajifunza Kiswahili sokoni. Baada ya miaka michache baba alipokwenda kwa mkubwa wa shamba au kwa karani, alimchukua mtoto wa miaka kumi amsemee. Hapo mambo ya nyumba hugeuka juu chini. Baba aliyekuwa mwenye neno anakuwa kama bubu, na mtoto anabeba neno la baba mkononi mwake. Wako wazazi wanaokasirika kwa sababu hiyo, wakadhani mtoto amekosa heshima. Hakukosa heshima, amepewa mzigo usio wa umri wake. Jambo hili laweza kuonekana leo kwa ndugu zetu wa Kongo walioko Nairobi, Kampala, Brussels au Marekani. Mtoto anasoma barua ya serikali, mama anamtazama usoni ajue kama habari ni njema.

Katika Maandiko Matakatifu tunaye mhamiaji mmoja ambaye habari zake zinatufundisha haya yote. Ni Yosefu mwana wa Yakobo. Naye hakuhama kwa kupenda, aliuzwa. Huko Misri alipewa jina la Kimisri, akavaa nguo za Kimisri, akaoa binti wa kuhani wa Misri, akaifanyia nchi ile kazi kubwa hata ikaokoka na njaa. Mzaliwa wake wa kwanza alimwita Manase, maana yake Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Mtu akisikia jina hilo atasema: huyu amekwisha kuwa Mmisri.

Lakini ndugu zake walipokuja kununua chakula, Yosefu alisema nao kwa njia ya mkalimani, kana kwamba hajui lugha yao. Wao wakasemezana wenyewe kwa wenyewe mbele yake, naye akasikia kila neno. Akageuka upande akalia. Wapenzi, anayemwita mtoto wake "nimesahaulishwa" hajasahau. Na alipokaribia kufa aliwaapisha Waisraeli: watakapotoka Misri, waichukue mifupa yake. Musa akaichukua kweli, nayo ikazikwa Shekemu.

Je, Yosefu aliidanganya Misri? Hata kidogo. Aliitumikia kwa akili yake yote, na wenyeji wakala mkate kwa ajili yake. Pamoja na hayo lugha ya mama yake ilibaki ndani yake kama maji chini ya mwamba.

Moyo wa mwenyeji

Sasa nitasema upande wa pili, maana mimi ni mtoto wa upande huo. Baba yangu ni Mhunde wa Masisi, mama yangu ni Mnande wa Lubero. Babu yangu alikuwa kijana wakati misafara ilipokuwa ikifika. Hakuwachukia waliofika. Alinunua mbegu za viazi kwao, nao walinunua ndizi kwake. Kilichomwumiza ni kwamba hakuna aliyebisha hodi. Kwa desturi ya Wahunde ardhi haitolewi ovyo: mgeni huja kwa mwenye nchi, hutoa zawadi, hupokewa mbele ya watu, na tangu siku hiyo anakuwa mtu wa pale. Serikali ilikata njia hiyo. Tena katika Gishari iliwatengenezea Wanyarwanda utawala wao wa pekee, na chifu wao, katikati ya nchi ya mwami wa Wahunde. Utawala huo ulifutwa mwaka 1957 na Gishari ikarudishwa chini ya Wahunde. Basi kwanza mwenyeji alijiona amenyang'anywa, kisha mgeni akajiona amenyang'anywa. Wote wawili walikuwa na donda, na aliyelifanya alikuwa karibu kuondoka.

Tunajua yaliyofuata. Tangu mwaka 1959 wakimbizi wengine walitoka Rwanda kwa ajili ya machafuko ya huko. Baada ya uhuru wa Kongo vikaja vita vya 1963 hadi 1965 vilivyoitwa vya Kanyarwanda. Mwezi wa Machi 1993 mapigano yalianzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi yote. Watu kwa maelfu waliuawa, wa kabila hili na wa kabila lile. Wazazi wangu walishuka Goma kwa miguu, mimi nikiwa nimebebwa mgongoni.

Nauliza: ni nyimbo za Kinyarwanda zilizoleta vita hivyo? Ni ngoma ya Kihunde? Ni kumpa mtoto jina siku ya nane kwa desturi ya babu? Sivyo. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, wa utawala na wa kura. Lakini ugomvi huo ulipotafuta alama ya kumtambua adui, uliishika lugha. Ndiyo maana bibi yule aliificha lugha yake kama mtu anavyoficha panga lililomkata.

Karatasi inayogeuka

Kuna jambo jingine linaloutesa moyo wa mhamiaji kuliko baridi na kazi, nalo ni kutojua kama amefika. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wengi waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu tangu zamani. Sheria ya mwaka 1981 ikauondoa, ikataka mtu aonyeshe kwamba kabila la wazee wake lilikuwapo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya Novemba 2004 ikafungua mlango tena kwa makabila yote ambayo watu wake na nchi yao vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Mtu mmoja aweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka kilimani pale pale, na karatasi yake ikageuka mara tatu.

John Berry, mwanachuoni wa Kanada aliyechunguza mambo ya nafsi za wahamiaji kwa miaka mingi, alitaja njia nne ambazo mgeni aweza kuzifuata. Wako wanaoshika ya kwao na kupokea ya wenyeji. Wako wanaotupa ya kwao na kumezwa. Wako wanaojifungia katika ya kwao peke yake. Na wako wanaopoteza yote mawili, wakabaki hewani. Aliona kwamba wa namna ya kwanza ndio ambao kwa kawaida hupata amani zaidi. Lakini aliongeza neno ambalo sisi wenyeji tulisikie vema: mgeni hawezi kuchagua njia hiyo peke yake. Inampasa mwenyeji naye amwachie nafasi. Ukimwambia mtu kila siku "wewe si wa hapa," atafanya moja kati ya mawili: atajificha, au atajenga ukuta. Ukisha kumlazimisha ajenge ukuta, usimlaumu kwamba anapenda kuta.

Goma, mji wa waliokuja

Hapa Goma ni nani asiye mhamiaji? Wanande walishuka kutoka Butembo na Lubero na biashara zao. Washi na Wahavu walivuka ziwa au walifuata kando yake. Wahunde tulikimbia kutoka milimani. Mwaka 1994, mwezi wa Julai, watu kama 850,000 waliingia kutoka Rwanda kwa siku chache, na kipindupindu kikaua makumi elfu juu ya mawe meusi ambayo hayakukubali hata kuchimbwa kaburi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaharibika, na siku hiyo wenyeji wa Goma wenyewe walikuwa wageni wa Gisenyi. Mei 2021 tulikimbia tena. Januari 2025 vita viliingia mjini, na wengi waliokuwa wamekimbilia kwenye kambi walilazimika kufunga mizigo upya. Mama mmoja wa hapa Himbi ameniambia amejenga nyumba yake mara tatu, na kila mara amepanda sombe kabla ya kuweka mlango.

Kilichotuunganisha ni Kiswahili. Hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati ya babu zetu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake: hii ni yangu, wewe ni mgeni ndani yake. Katika Kanisa nako, zamani sala za Misa zilikuwa Kilatini. Mhunde na Mnyarwanda walikuwa wageni sawa mbele ya altare, hata Padri Mweupe pia. Baada ya Mtaguso wa Vatikano kuruhusu lugha za watu, mwaka 1963, parokia za mjini zilishika Kiswahili. Ni neema kubwa. Lakini nimeona hatari yake. Mtoto wa Goma anajua Kiswahili, anajifunza Kifaransa shuleni, na anadhani lugha ya bibi yake ni aibu au ni hatari. Akishindwa kusema na bibi, amepoteza kumbukumbu ya nyumba yake yote. Waswahili husema: Mwacha mila ni mtumwa.

Baba Mtakatifu Pio XII, katika Katiba yake ya Kitume ya mwaka 1952 juu ya wahamiaji, Exsul Familia, alifundisha kwamba Jamaa Takatifu iliyokimbilia Misri ni mfano wa kila jamaa inayolazimika kuhama. Tena aliagiza wahamiaji wapewe mapadri wa lugha yao. Kanisa halikumwambia mgeni: kwanza sahau kwenu, ndipo usali. Lilijua kwamba mtu hutubu, hulia na kufa kwa lugha aliyonyonya nayo.

Na nabii Yeremia aliwaandikia Waisraeli walioko Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto wao, wautakie heri mji walimopelekwa. Hakuwaambia waisahau Yerusalemu. Mambo hayo mawili yanakaa katika moyo mmoja bila kugombana, kama mtu anavyompenda mke wake bila kumkana mama yake.

Basi tufanye nini?

Ninyi wazazi mliotoka mbali, wafundisheni watoto lugha yenu, pamoja na habari za njiani, lakini msiwafundishe deni la damu. Mpeni mtoto wimbo, msimpe kisasi. Tena jifunzeni lugha ya watu mnaokaa kwao. Mnyarwanda anayemsalimu mzee wa Masisi kwa Kihunde amebisha ile hodi ambayo serikali ya zamani haikubisha.

Na sisi wenyeji, tusiulize "unatoka wapi?" kama askari wa kizuizini. Tuulize kama watu wanaotaka kusikia habari. Swali ni lile lile, lakini mtu hujua mara moja ni mlango unaofunguliwa au unaofungwa.

Naona haya kusema jambo la mwisho, lakini nalisema. Jumamosi ile, baada ya watoto kusali, msichana mmoja aliniomba: "Na wewe, mwalimu, tusikie." Nilianza Baba Yetu kwa Kihunde. Nilipofika kwenye mkate wa kila siku nikakwama. Nilikimbia Masisi mdogo, nikakulia mjini, nikasoma seminari kwa Kifaransa. Jioni nilimpigia simu shangazi yangu, akanifundisha neno kwa neno, akicheka na kulia pamoja.

Bibi yule aliponieleza hofu yake, nilimweleza habari hiyo. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema: "Kumbe hata mwalimu ni yatima wa lugha." Sikumlazimisha kitu, maana hofu yake imejengwa na mambo aliyoyaona kwa macho, na mimi sina haki ya kumwambia hayatarudi. Nilimwomba tu amfundishe mjukuu wake sala hiyo nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, kama Bwana Yesu alivyotufundisha kusali sirini.

Juma la tatu mvulana alikuja mapema kabla ya wenzake. Alisimama karibu na meza yangu akasali Baba Yetu yote kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, akitazama mlango. Alipomaliza akaniuliza kama angeweza kusali hivyo mbele ya wengine. Nikamwambia: "Siku utakayotaka wewe." Bado hajataka. Wapenzi, siku ile itakapofika, haitatoka kwake peke yake. Itatoka kwa watoto wengine ishirini na tatu walioketi mbele yake, na kwa yale wanayoyasikia nyumbani mwetu juu ya jirani. Tuwaangalie ndimi zetu.